Mzigo Nyuma, Kishindo Mbele: Hesabu ya Shokapu za Bodaboda Kirongwe

Kilo 100 za nazi zikifungwa juu ya keria ya pikipiki, gurudumu la mbele haliongezewi hata kilo moja. Linapunguziwa karibu kilo 8. Hata hivyo madereva wanaobeba mizigo kutoka Kirongwe kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, wanalalamikia mbele: shokapu zinagonga chini, sili zinavuja, usukani unatetemeka. Mtu akisikia malalamiko hayo atasema shokapu za mbele ni dhaifu, zinunuliwe ngumu zaidi. Kabla ya kutoa pesa, inafaa kujua kilo zinapita wapi, maana matengenezo ya Sh 30,000 yanaweza kufanya kazi vizuri kuliko ya Sh 310,000, na wakati mwingine kufunga mzigo upya bila kulipa senti kunayashinda yote mawili.

Suala hili lina uzito wake Mafia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani. Ile ya 2022 ikakuta 66,180, ongezeko la zaidi ya asilimia 42 katika miaka 10. Watu wakiongezeka, saruji, unga, maji na samaki wa kusafirishwa wanaongezeka pia. Njia kuu ya kisiwa, inayotoka Kilindoni kupitia Kirongwe hadi Rasi Mkumbi, ina kilomita zipatazo 55, na njia zinazoingia vijijini ni za mchanga na mawe ya matumbawe. Mzigo mwingi wa njia hizo za ndani unabebwa na pikipiki ya cc 125 au 150, au na guta la magurudumu matatu.

Kilo zinapokaa

Tuchukue pikipiki ya mfano. Ina kilo 125 ikiwa na mafuta, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 1.3. Ikiwa tupu, mbele hubeba kilo 59 na nyuma 66. Dereva wa kilo 65 akikaa mahali pake, mbele panakuwa na kilo 81.5 na nyuma 108.5. Vipimo hivi havitokani na karatasi ya kiwanda kimoja, ila vinakaribiana na pikipiki nyingi za bodaboda.

Sasa weka kilo 100 kwenye keria. Nazi iliyofuliwa ina wastani wa gramu 600 hadi 700, kwa hiyo hizi ni nazi kama 150. Keria imepita nyuma ya ekseli, na kitovu cha mzigo kimekaa sentimita 10 nyuma yake. Hapo ekseli ya nyuma inakuwa egemeo: mzigo unashuka upande wake na kuinua upande wa pili. Gurudumu la nyuma sasa linabeba kilo 216, la mbele 74. Ndiyo maana pikipiki iliyojaa mzigo inakuwa na usukani mwepesi kwenye mchanga, na dereva anasogea mbele hadi kukalia tangi. Akisogea sentimita 15 anarudisha mbele kilo 7.5, karibu zote zilizopotea. Bila kushika kalamu, amepiga hesabu sahihi.

Dumu la lita 20 linaloning'inizwa karibu na usukani ni habari nyingine. Karibu kilo 18 kati ya 20 zinaingia moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Kwa shokapu za mbele, dumu moja hapo lina uzito kuliko gunia zima kwenye keria, muda wote ambao pikipiki haijashika breki.

Breki ndiyo inayohamisha mzigo

Pikipiki ikipunguza mwendo ghafla, uzito unakimbilia mbele. Kiasi kinachohama kinategemea mambo manne: uzito wote, ukali wa breki, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli. Tuchukue breki inayosimamisha pikipiki kutoka kilomita 40 kwa saa ndani ya mita 16 hivi. Hiyo ni breki ya mtu aliyeona mbuzi anavuka.

Dereva akiwa peke yake, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 65 juu ya ardhi, kilo 38 zinahamia mbele. Jumla mbele: kilo 120 hivi.

Akiwa na kilo 100 zilizorundikwa juu ya keria, kitovu cha uzito wote kinapanda hadi sentimita 85, na zinazohama ni kilo 76. Jumla mbele: kilo 150.

Kumbe mzigo uliopunguza uzito wa mbele wakati wa kwenda unauongeza kwa kilo 30 wakati wa kusimama. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni hili: pikipiki ikifunga breki juu ya shimo, shokapu ina milimita ngapi zilizobaki?

Shokapu ya mfano wetu ina mwendo wa milimita 125 kutoka juu hadi chini. Springi mbili kwa pamoja zinahitaji kilo 0.9 ili kubonyea milimita 1, na zimefungwa zikiwa zimebanwa tayari milimita 30. Gurudumu, breki na sehemu ya chini ya shokapu zina kilo 15 ambazo springi hazizibebi. Ukifanya hesabu bila kuingiza msuguano na hewa iliyo ndani ya bomba, unapata hivi:

Dereva peke yake, mwendo wa kawaida: shokapu imekaa milimita 44. Hiyo ni asilimia 35 ya mwendo wake, kiwango kinachokubalika.

Dereva peke yake, breki kali: imeshuka milimita 86, zimebaki 39.

Dereva na kilo 100, breki kali: imeshuka milimita 120, zimebaki 5.

Milimita 5 ni kina cha kokoto. Gurudumu likikuta shimo wakati huo, chuma kinagonga chuma, na kishindo kinapita kwenye beringi za usukani, kwenye rimu na kwenye mikono ya dereva. Malalamiko ya madereva ni ya kweli. Kinachokosewa ni kudhani kwamba shokapu inaelemewa muda wote, kumbe inaelemewa kwa sekunde tatu hivi za breki.

Dawa tatu na milimita zake

Ya kwanza ni kuongeza kubana. Fundi anafungua kofia ya juu ya shokapu na kuweka kipande cha bomba cha milimita 15 juu ya kila springi. Springi haiwi ngumu zaidi, ila inaanza kazi ikiwa imebanwa milimita 45 badala ya 30. Kwenye breki ile ile zinabaki milimita 20 badala ya 5. Gharama yake kimwendo ni kwamba, pikipiki ikiwa na mzigo na bila breki, shokapu inakaa milimita 20 tu kutoka juu badala ya 35, kwa hiyo mbele panakuwa juu kidogo na wepesi zaidi. Kipande kikizidi kiasi, shokapu itaanza kugonga juu kila gurudumu linapoanguka shimoni, na springi inaweza kubanana koili kwa koili kabla mwendo haujaisha.

Ya pili ni springi ngumu zaidi, zinazohitaji kilo 1.1 kwa milimita. Hapo zinabaki milimita 33, karibu sawa na dereva asiye na mzigo. Kwa anayebeba mzigo kila siku, hili ndilo jibu bora la kiufundi. Kwa anayebeba abiria asubuhi na mzigo mara moja kwa wiki, springi hizo zitamtingisha bure siku sita.

Ya tatu ni kubadilisha shokapu nzima na kufunga za pikipiki kubwa. Bomba nene halipindi kirahisi, na mwendo unaweza kuongezeka. Lakini vishikizo vya shokapu vinabadilika, ekseli huenda isiingie, breki inahitaji kurekebishwa, na mbele pakipanda sentimita kadhaa mwinamo wa usukani unabadilika pia. Kwa kazi ya nazi na samaki, ni dawa kubwa kuliko ugonjwa.

Oili nzito haimo kwenye orodha hii, ingawa ndiyo inayopendwa gereji. Oili haibebi kilo. Springi ndiyo inayobeba. Kazi ya oili ni kupunguza kasi ya springi kubonyea na kurudi. Ukijaza oili ya injini namba 40, pikipiki iliyosimama itaonekana ngumu ukiisukuma kwa mikono. Barabarani, kwenye mikunjo inayofuatana, shokapu inashindwa kurudi juu kabla ya mkunjo wa pili, inashuka zaidi kwa wa tatu, na baada ya mita 50 inatembea karibu na chini. Kiasi cha oili ndicho chenye faida kidogo: kikipanda kwa milimita 10 au 20 ndani ya bomba, nafasi ya hewa inapungua na hewa inakuwa kama springi ya ziada mwishoni mwa mwendo. Ikizidi, sili zinapasuka.

Shilingi ngapi, na siku ngapi

Bei zifuatazo ni za kufanyia hesabu. Msomaji aweke za duka analonunua, mpangilio utabaki ule ule.

Kuongeza kubana: vipande vya bomba Sh 2,000, oili Sh 10,000, sili mbili Sh 8,000, ufundi Sh 10,000. Jumla Sh 30,000. Unalipa Sh 2,000 kwa kila milimita uliyoipata.

Springi ngumu: springi Sh 40,000, na oili, sili na ufundi Sh 28,000. Jumla Sh 68,000 kwa milimita 28 za nyongeza, yaani Sh 2,400 kwa milimita.

Shokapu nzima ya pikipiki kubwa: shokapu Sh 220,000, vishikizo na kazi ya kuchonga chuma Sh 60,000, ufundi Sh 30,000. Jumla Sh 310,000. Hata ikikupa milimita 40, kila moja imekugharimu Sh 7,750.

Kisiwani kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti: kusubiri. Kifaa kisichopatikana Kilindoni kinaagizwa bara, kinafika Nyamisati, kisha kinavuka kwa kivuko au kwa boti. Dereva anayepeleka hesabu ya Sh 8,000 kwa bosi kila siku, pikipiki ikilala siku 4, anadaiwa Sh 32,000 bila kubeba hata abiria mmoja. Siku hizo nne ni ghali kuliko matengenezo yote ya dawa ya kwanza. Kwa hiyo, kwa mtu wa Kirongwe, kuweka jozi moja ya sili nyumbani kwa Sh 8,000 ni akiba inayojilipa mara nne siku zilizopo zinapopasuka.

Na zitapasuka. Hewa ya chumvi inaweka kutu ndogondogo kwenye bomba la kung'aa, mchanga unashika kwenye unyevu, na kila shokapu inaposhuka ile kutu inakwangua mdomo wa sili. Springi mpya haizuii hilo hata kidogo. Kinachozuia ni mpira wa kukunjamana unaofunika bomba, na kitambaa chenye oili kidogo jioni. Tukikadiria kilomita 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, pikipiki inatembea kilomita 15,600 kwa mwaka. Ukibadilisha oili na sili mara mbili kwa mwaka, kwa Sh 28,000 kila mara, unalipa Sh 3.60 kwa kilomita. Shokapu ya Sh 310,000 ikidumu mwaka mmoja katika chumvi hiyo hiyo, ni karibu Sh 20 kwa kilomita, na sili zake bado zitahitaji kubadilishwa.

Tairi ina neno lake

Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake, huandikwa namba yenye herufi, kwa mfano 41P au 50P. Hiyo namba ni kipimo cha kimataifa cha mzigo: 41 ni kilo 145, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 56 ni kilo 224. Tairi ya nyuma ya 3.00-17 yenye 50P, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki za aina hii, inaruhusu kilo 190. Gurudumu letu la nyuma lina kilo 216.

Tumezidisha kilo 26 kabla ya kugusa shokapu. Ukigeuza hesabu, mzigo unaotoshea tairi hiyo, dereva akiwa wa kilo 65, ni kilo 75. Hakuna springi ya mbele inayobadilisha jibu hilo. Dereva aliyetumia Sh 310,000 mbele, kisha akaona pikipiki imetulia na kuongeza gunia, ameondoa dalili iliyokuwa ikimwonya na kuacha hatari ilipo: tairi inayopata joto, spoku zinazolegea na breki ya nyuma iliyotengenezwa kwa uzito mwingine. Tairi yenye 56 ingefikia kilo 216, lakini kikomo cha uzito wote kilichoandikwa na kiwanda kwenye kitabu cha pikipiki bado kinabaki pale pale.

Dawa isiyouzwa dukani

Turudi kwenye urefu wa kitovu cha uzito. Kilo 100 zilizorundikwa juu ya keria zina kitovu kama mita 1.23 kutoka ardhini. Zikigawanywa kwenye matenga mawili yaliyoning'inia kando ya gurudumu, kitovu kinaweza kushuka sentimita 29. Breki ile ile sasa inahamisha kilo 67 badala ya 76, na mwishoni mwa mwendo zinabaki milimita 15 badala ya 5.

Ukipunguza mzigo hadi kilo 75, zile zinazokubaliwa na tairi, na kuushusha hivyo hivyo, zinabaki milimita 21. Hizo ni zaidi ya zilizopatikana kwa Sh 30,000, na hakuna bolti iliyofunguliwa.

Kupunguza mzigo nako kuna bei yake. Kilo 300 zilizokuwa zinamalizika kwa safari 3 sasa zinataka safari 4. Safari ya kilomita 50 kwa pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita inakula lita 1.1, petroli ikiwa Sh 3,000, ni Sh 3,300, pamoja na saa za dereva. Mwenye safari nyingi za namna hiyo kwa wiki ataona haraka kwamba anachohitaji ni chombo kingine. Shokapu haitamsaidia.

Guta na pikipiki ya magurudumu manne

Chombo hicho mara nyingi ni guta, na hapo hesabu inageuka. Kwenye guta sehemu kubwa ya bodi iko mbele ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mzigo unaongeza uzito wa mbele hata bila breki. Guta la mfano lenye mita 2.1 kati ya ekseli, likibeba kilo 500 na kitovu chake sentimita 35 mbele ya ekseli ya nyuma, linapeleka kilo 83 kwenye gurudumu moja la mbele. Ukisogeza mifuko 10 ya saruji nyuma kwa sentimita 20 tu, zinazofika mbele ni kilo 36. Kilo 47 zimeondoka kwa kazi ya dakika kumi. Kikomo ni kutovuka ekseli: mzigo ukienda nyuma yake, mbele patainuka na guta litakataa kukata kona. Baada ya hapo ndipo springi ya nyongeza ya mbele, inayoonekana kwenye maguta mengi, inastahili pesa, kwa sababu hapa mzigo wa mbele ni wa muda wote.

Pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo watalii huiendesha Unguja, ina keria mbili, na viwanda vyenyewe vinaonyesha wasiwasi wao ulipo. Yamaha Grizzly 700 inaruhusiwa kilo 50 mbele na 90 nyuma. Honda Rancher kilo 30 na 60. Mbele ni kama nusu ya nyuma. Keria ya mbele hupita ekseli: kilo 50 zilizowekwa sentimita 10 mbele yake zinafika kwenye magurudumu ya mbele zikiwa kilo 54, na nyuma panapungua.

Shokapu yake pia haisimami juu ya gurudumu. Imeshika katikati ya mkono wa chuma, na gurudumu likipanda sentimita 10 shokapu inaweza kubonyea 6 tu. Kwa uwiano huo, kilo 20 za nyongeza kwenye gurudumu moja zinakuwa kilo 33 kwenye springi. Anayeagiza springi kwa kuangalia uzito wa mzigo tu ataletewa laini. Nyingi ya shokapu hizo zina pete ya ngazi chini ya springi inayoongeza kubana kwa spana. Ijaribiwe hadi ngazi ya mwisho kabla ya kuagiza chochote.

Pima, kisha lipa

Kipimo cha mwanzo ni uzi. Ufunge ukaze kwenye bomba la kung'aa la shokapu, uinue gurudumu la mbele, ulisukume fundo hadi chini kwenye sili, kisha ufanye kazi ya siku nzima. Jioni inua gurudumu tena, pima fundo limesukumwa milimita ngapi, ulinganishe na mwendo wote wa shokapu yako. Likiwa limebakiza zaidi ya milimita 25, tatizo lako ni sili, beringi au upepo wa tairi. Likiwa limebakiza 25 au pungufu, shusha mzigo na urudie. Likifika mwisho hata baada ya kushusha mzigo na kuupunguza hadi kikomo cha tairi, weka vipande vya bomba; visipotosha, nunua springi.

Mpangilio wa kutumia pesa unafuata hapo hapo: kwanza namna ya kufunga mzigo, pili tairi, tatu sili na oili safi, nne kubana, tano springi. Shokapu nzima inunuliwe pale tu bomba lililopo likiwa limepinda au limeliwa na kutu kiasi kwamba sili mpya haidumu mwezi. Wakifuata mpangilio huo, bodaboda wengi wa Kirongwe watasimama kwenye hatua ya nne wakiwa hawajafikisha Sh 100,000, hata ukijumlisha tairi ya Sh 55,000.